Sura ya Tatu: Kazi Kila Siku, Maisha Palepale

Swali hili utalisikia kwenye daladala, kijiweni, kwenye foleni ya zahanati na hata msibani watu wakishakula: mbona nafanya kazi kila siku na bado niko palepale? Anayeuliza ameamka saa kumi alfajiri. Hanywi, hachezi kamari, hana makuu. Miaka inakwenda, watoto wanakua, chumba ni kilekile cha kupanga na meza ya biashara ni ileile.

Majibu anayopewa tunayajua. Hajajituma vya kutosha. Hana nidhamu ya fedha. Wengine watamnong'oneza kwamba kuna mkono wa mtu. Akienda kwenye semina ya ujasiriamali ataambiwa abadili fikra, apige makofi, arudi nyumbani. Majibu hayo yananiuma, kwa sababu yanamwongezea aibu mtu ambaye tayari amebeba mzigo. Watu wa kipato cha chini wanazijua hesabu zao kuliko wengi wetu wenye mishahara. Muulize muuza mboga ametumia shilingi ngapi tangu asubuhi, atakutajia mpaka hela ya mfuko wa nailoni.

Kupanda kiuchumi, katika sura hii, ni kutoka kwenye maisha ambayo cha leo kinaisha leo, kwenda kwenye maisha ambayo kuna kinachobaki, kinachozaa, na kinachomlinda mtu siku ya tatizo. Sizungumzii utajiri. Nazungumzia hatua ile moja ya mwanzo, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote zinazofuata.

Hesabu ya mama lishe

Tumfikirie mama lishe anayepika karibu na soko la Buguruni, Dar es Salaam. Namba zifuatazo ni za mfano, nimezipanga ili hesabu ionekane.

Saa kumi na moja alfajiri jiko limeshawaka. Asubuhi ni chai, chapati na supu. Mchana wali, ugali, maharage, dagaa. Jioni anahesabu mauzo: Sh70,000. Kati ya hizo, 52,000 ni mtaji, yaani fedha ya kununulia vitu vya kesho, ambayo akiigusa kesho hakuna kupika. Inabaki 18,000. Binti anayeosha vyombo anachukua 5,000, maji na ushuru na nauli vinakula 3,000. Faida ni Sh10,000. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni Sh260,000 kwa mwezi.

Sasa tazama anavyonunua. Mchele anauchukua dukani kwa Mangi, kilo tano tano. Mafuta ya kula ni ya kupima. Mkaa ni wa ndoo. Mwenzake mwenye fedha ya kutosha ananunua gunia la mchele, dumu la mafuta la lita 20 na gunia la mkaa, na kila kimoja kinamtoka kwa bei nafuu. Tukisema tofauti hiyo inamgharimu mama lishe wetu Sh3,000 tu kwa siku, kwa mwezi ni Sh78,000, karibu theluthi ya faida yake. Hajaitapanya. Imechukuliwa na udogo wa mkoba wake.

Nyumbani ni hivyohivyo. Chumba chake ni Sh60,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Kuhama kunahitaji Sh420,000 siku moja. Asipokuwa nazo, atabaki kwenye chumba kinachovuja, au atakaa mbali na soko na kulipa nauli kila siku.

Hata umeme. TANESCO ina bei nafuu kwa mteja mdogo wa nyumbani asiyevuka uniti 75 kwa mwezi: Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Daraja linalofuata ni Sh292. Bei ya chini iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Lakini nyumba yao ina wapangaji sita na mita moja ya LUKU. Wote wanachanga, matumizi yao yakijumlishwa yanavuka 75, na mita nzima inahesabiwa kwenye daraja la juu. Kila mpangaji anatumia kidogo, na kila mpangaji analipa bei ya mtu anayetumia sana.

*Kwa ufupi:* mama lishe wetu hana tatizo la kazi, na kipato chake si cha kumlaza njaa. Anachokosa ni fedha nyingi kwa wakati mmoja, na kukosa huko kunamfanya alipe zaidi kwa kila kitu.

Ukubwa wa hatua ya kwanza

Fedha nyingi kwa wakati mmoja tuiite mkupuo. Kipato chake mama lishe kinakuja kwa vijisehemu vya kila siku, na milango yote ya kupandia inataka mkupuo: kodi ya miezi sita, gunia, cherehani, pikipiki, ada ya chuo, leseni, kiwanja. Elfu kumi kumi haziingii kwenye milango hiyo. Zikikaa ndani zikisubiri kukua, zitakutana na mtoto mwenye homa, mgeni kutoka kijijini na jirani aliyefiwa.

Bangladesh wameliona jambo hili kwa ushahidi. Kuanzia mwaka 2007, shirika la BRAC, ambalo linafanya kazi Tanzania pia, liliwagawia wanawake maskini kabisa wa vijijini mifugo, wengi wao wakipata ng'ombe, pamoja na mafunzo. Watafiti waliwafuatilia kwa zaidi ya miaka kumi. Wale ambao tayari walikuwa na kidogo cha ziada, ng'ombe aliwavusha: wakazidi kupanda mwaka hadi mwaka. Wale walioanzia chini kabisa walirudi taratibu walikotoka. Ng'ombe peke yake hakumtosha mtu asiye na banda, malisho wala toroli la kubebea majani. Kuna kiwango fulani cha mali ambacho ukikivuka unaendelea kupanda kwa nguvu zako, na usipokivuka unateleza kurudi. Kwa hitimisho la watafiti, makundi yale mawili hayakutenganishwa na akili wala bidii. Kilichotofautiana ni pale walipoanzia.

Kenya nao wana ushahidi wao. Shirika la GiveDirectly liliwapa watu wa vijiji kadhaa fedha bila masharti. Vijiji vingine vilipewa kidogo kila mwezi kwa miaka miwili. Vingine vilipewa kiasi kama hicho kwa mkupuo mmoja. Waliopata mkupuo walianzisha biashara nyingi zaidi. Kundi la tatu, lililoahidiwa fedha za kila mwezi kwa miaka 12, lilifanya jambo ambalo mtu yeyote wa Afrika Mashariki angelitabiri: watu waliingia kwenye vyama vya kuchangiana na kupokezana, wakatengeneza mikupuo wenyewe.

Elfu tano ileile, njia mbili

Mkupuo unapatikana wapi mtaani? Kuna milango miwili ambayo kila mtu anaijua, na nataka tuitazame kwa karibu kwa sababu inafanana kuliko tunavyodhani.

Wa kwanza ni mchezo, ambao wengine huuita upatu, na Wakenya huuendesha ndani ya chama. Watu 20 wanakubaliana kila mmoja atoe Sh5,000 kwa siku. Kila siku mmoja anapokea laki moja. Baada ya siku 20 kila mtu ametoa laki moja na kupokea laki moja. Riba hakuna.

Wa pili ni mkopo wa kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wa marejesho ya kila siku, wenye riba kubwa na dhamana ya vyombo vya ndani. Unachukua laki moja, unarejesha Sh5,000 kwa siku kwa siku 26. Jumla Sh130,000, bila kuhesabu hela ya fomu.

Mkopeshaji atakuambia riba ni asilimia 30 kwa mwezi. Ni zaidi ya hapo. Laki ile hukai nayo mwezi mzima, kwa sababu unaanza kuirudisha kesho yake. Ukifika siku ya 13 umesharejesha 65,000, na fedha yao iliyobaki mkononi mwako ni 35,000 tu, ila riba unaendelea kuilipa kana kwamba laki yote unayo. Ukipiga hesabu kwa deni linalopungua, riba inakaribia asilimia 2 kwa siku. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wale wanaokopesha bila kupokea amana za wananchi, ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kausha damu, ukomo huo umeupita ndani ya siku mbili.

Kinachonishangaza ni hiki: mzigo wa kila siku ni uleule, elfu tano. Mtu anayeweza kubeba marejesho ya kausha damu ana uwezo wote wa kubeba mchezo. Tofauti ni siku 6 za jasho lake, elfu 30, ambazo amemlipa mkopeshaji. Amenunua nini kwa elfu 30? Amenunua haraka. Mchezo unakupa kwa zamu, na zamu yako inaweza kuwa siku ya 17. Kausha damu anakupa leo saa tisa, mtoto akiwa amelala kwenye benchi la hospitali.

Anayekopa anajua kabisa anachofanya. Kesho yake kijana wa kukusanya atapita na daftari.

"Shikamoo mama. Nimefuata marejesho."

"Marahaba mwanangu. Leo biashara imelala, nipitie kesho."

"Mama, kesho kuna ya kesho."

Siku ya tatu ya kukosa, wanabeba friji. Friji ile ndiyo iliyokuwa inauza juisi na maji baridi, na sasa faida ya siku imeshuka kutoka elfu kumi hadi elfu saba. Anakopa kwa mwingine ili amlipe huyu. Nimeona wanawake wazima, wenye heshima zao mtaani, wakibadili njia ya kwenda sokoni ili wasionane na kijana wa miaka 22 mwenye daftari.

*Kwa ufupi:* ukikopa kausha damu, riba unayolipa ni bei ya kutosubiri. Ukiwa na mahali pengine pa kupata fedha ya dharura siku hiyohiyo, mchezo unatosha na kausha damu hana kazi kwako.

Shambani wanaiuza kesho kabla haijafika

Msomaji wa mjini asidhani mambo haya yanaishia Dar es Salaam. Kagera kuna butura: mkulima anauza kahawa ikiwa bado mtini, wakati mwingine ikiwa maua tu, kwa sababu ada inadaiwa leo na kahawa itaiva miezi ijayo. Mtwara na Lindi kuna kangomba: korosho zinanunuliwa na walanguzi nje ya mfumo rasmi, kwa bei ya kutupa, mara nyingi kutoka kwa mtu ambaye jiko lake limekaa bila moto. Serikali imepiga marufuku mara nyingi, na mara nyingi imewakamata watu. Vinarudi kila msimu, kwa sababu njaa ya Januari hairudi nyuma kwa amri ya mkuu wa wilaya.

Wakulima wa mahindi wana hasara yao iliyo kimya zaidi. Wanauza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini kwa sababu kila mtu anauza. Miezi sita baadaye wananunua mahindi yaleyale kwa bei ya juu ili wale. Kule Bungoma, magharibi mwa Kenya, shirika la One Acre Fund lilijaribu kuwapa wakulima mkopo mdogo wakati wa mavuno, muda ambao mtu wa benki angesema wana fedha tele. Mkopo ule uliwawezesha kulipa ada na madeni bila kugusa gunia. Wakahifadhi mahindi, wakauza bei ilipopanda, wakarejesha mkopo na kubaki na faida.

Tanzania ina chombo cha namna hiyo kisheria tangu mwaka 2005: stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka mazao kwenye ghala lililosajiliwa, anapewa hati inayoonyesha uzito na ubora, na hati hiyo inaweza kuwa dhamana ya mkopo wakati mazao yanasubiri mnada. Korosho za Mtwara zimeuzwa kwa mfumo huo tangu msimu wa 2007/08. Malalamiko ni mengi, makubwa yakiwa makato na malipo yanayochelewa. Na hapo ndipo kangomba anapata nguvu: mfumo mzuri unaolipa baada ya miezi miwili unashindwa na mlanguzi anayelipa papo hapo. Anayetaka kweli kuua kangomba ashughulike na siku ya malipo kabla ya kushughulika na pingu.

Kuteleza

Kupanda ni nusu ya habari. Familia nyingi zinapanda, kisha zinaanguka. Ugonjwa mmoja, msiba mmoja, mafuriko ya usiku mmoja bonde la Jangwani, Dar es Salaam, na mtaji wa miaka mitatu umekwisha.

Bima ya afya ndiyo kinga ya kwanza. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa, kaya ya watu 6 katika mikoa mingi ilichangia Sh30,000 kwa mwaka, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Najua kero ya kufika dirishani na kadi yako ukaambiwa dawa hiyo kanunue nje. Hata hivyo, mwenye kadi anapoteza kidogo siku ya kulazwa, na siku ya kulazwa ndiyo siku ya kausha damu.

Kisha kuna jambo gumu kulisema, la ndugu. Anayeonekana kupata kidogo anapigiwa simu. Mdogo wake anadaiwa hela ya mtihani, mjomba amevunjika mguu, kadi za michango ya harusi ziko tatu mezani. Waandishi wengi wa vitabu vya fedha wanakuambia ujifunze kukataa. Wanaandika kama watu ambao hawatazikwa na ndugu. Udugu ndiyo bima ya zamani kuliko zote tulizo nazo, na anayeikata akiwa na nguvu atamkosa wa kumshika siku ya kuanguka.

Njia ya kati ipo, na ni ya kuzipa fedha makazi. Mwaka 2006, katika mji mdogo wa Bumala, magharibi mwa Kenya, wafanyabiashara wadogo walifunguliwa akaunti ambazo hazikuwa na riba na zilikatwa ada kila wakitoa. Kwa macho ya mhasibu ni akaunti ya hasara. Wanawake wa sokoni waliweka fedha, na wakawekeza zaidi kwenye biashara zao. Katika jaribio jingine magharibi mwa Kenya, watu walipewa sanduku la bati lenye kufuli la kuwekea fedha za afya, basi. Wakatumia zaidi kwenye kinga, kama vyandarua. Fedha yenye makazi na jina, "hii ni ya chandarua", "hii ni ya kodi", inamwezesha mtu kumjibu ndugu bila kusema uongo na bila kumvunjia heshima: ninayo elfu mbili ya nauli, pokea, zilizobaki ziko kwenye kikundi, hazitoki mpaka mwezi wa kwanza.

Mlango wa karatasi

Elimu nitaipitia kwa haraka, kwa sababu imeandikwa sana. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022, na hilo limefungua mlango mkubwa. Kikwazo kilichobaki ni kwamba mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta fizikia kwa Kiingereza. Mwenye mzazi wa kumlipia tuisheni anavuka. Wengi wanabaki wakikariri.

Ninachotaka msomaji akijue zaidi ni hiki. Fundi seremala aliyejifunzia karakana ya mjomba, fundi bomba, mpishi, fundi magari asiye na cheti: VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi anapimwa kwa kazi anayoifanya, anapigwa msasa pale anapopungukiwa, anapewa cheti kinachotambulika. Cheti hicho ndicho anachoulizwa kwenye mradi wa mkandarasi mkubwa. Na sheria ya ununuzi wa umma inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, wakiwamo wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Madawati ya shule za kata yako yanatengenezwa na mtu fulani. Swali ni kama mafundi wa kata hiyo wana kikundi kilichosajiliwa na cheti cha kuwasimamisha mbele ya tenda.

Mikupuo iliyo ndani ya uwezo

Turudi kwenye mkupuo. Njia hizi nazitaja kwa mpangilio wa ninavyoziamini, na ya kwanza ni kikundi.

Kikundi cha hisa, ambacho wengi wanakiita VICOBA, ni mchezo uliokomaa. Mbegu yake ilipandwa Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, ikaenea mpaka huku. Wanachama kati ya 15 na 30 wanakutana kila wiki, wananunua hisa, fedha inakaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Wanakopeshana humohumo kwa riba ndogo ambayo inarudi kwao wenyewe mwisho wa mwaka. Kifaa cha thamani kuliko vyote ndani ya sanduku lile ni bakuli dogo la pembeni: mfuko wa jamii. Kila mtu anachangia kidogo kila kikao, na aliyeuguliwa au kufiwa anapewa siku hiyohiyo. Bakuli hilo ndilo linalomnyima kausha damu mteja. Kama kikundi chako kina hisa na hakina mfuko wa jamii, lilete jambo hilo kikao kijacho kama ajenda ya kwanza.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi hivi kama daraja la nne. Kusajili kunamlinda mwanachama siku mwekahazina anapohama mtaa usiku.

Ya pili ni mkopo wa halmashauri. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi na vikundi vingine havipo, ikarejeshwa mwaka 2024. Mlango wake ni ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Kabla hamjaenda, hakikisheni mna:

- cheti cha usajili wa kikundi na katiba yake;
- akaunti ya benki ya jina la kikundi;
- namba za NIDA za wanachama wote, si za viongozi peke yao;
- andiko la biashara ya kikundi.

Ya tatu ni mkataba, kama unavyojulikana na bodaboda. Pikipiki ya Sh3,000,000 mtu anapewa aiendeshe, analeta hesabu ya Sh12,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na baada ya miezi 14 ni yake. Kwa mfano huu atakuwa amelipa Sh4,368,000. Ni ghali, lakini mwisho wake kuna kitu kinachobaki, na ndiyo maana nauheshimu. Ubaya wake uko kwenye maneno ya mdomo. Kijana anaugua wiki mbili katika mwezi wa 11, mwenye chombo anaichukua pikipiki, na zaidi ya milioni tatu zilizolipwa hazina shahidi. Mkataba uandikwe, ugongwe mhuri ofisi ya serikali ya mtaa, utaje siku za ugonjwa na matengenezo, utaje kwamba malipo yanaandikwa na kusainiwa au yanapita kwenye simu ili ujumbe ubaki, na utaje lini kadi ya pikipiki inabadilishwa jina. Chama cha bodaboda cha kituo chenu kinaweza kuwa na nakala moja ya mkataba wa aina hiyo kwa wote. Kijana mmoja akidai karatasi anaonekana mkorofi. Kituo kizima kikidai, mwenye chombo anasaini.

Siku ya kuvunja kikundi

Jambo la mwisho ni dogo, halina gharama, na sijaliona likiandikwa inavyostahili. Vikundi vingi vinavunja, yaani vinagawana hisa na faida, katikati ya Desemba. Mama lishe wetu anapokea, tuseme, Sh600,000. Ni mkupuo mkubwa kuliko wote wa mwaka wake, na unamfikia wiki ambayo kila bei imepanda, mabasi ya kwenda mikoani yamejaa na kila mtu anajua kwamba vikundi vimevunja. Wiki ya pili ya Januari anadaiwa sare, madaftari na kodi ya miezi sita, na kijana wa daftari anapita tena.

Tarehe hiyo haikuandikwa mbinguni. Kikundi kinaweza kuihamisha kwa kura moja. Sikukuu itengewe fungu lake dogo, mgao mkubwa usubiri. Kikundi chenye wazazi wengi wa wanafunzi kivunje siku tatu kabla shule hazijafunguliwa. Mama lishe na wauza nafaka wavunje wakati wa mavuno, mchele na maharage yakiwa kwenye bei ya chini, wanunue magunia ya miezi mitatu kwa pamoja kutoka kwa wakulima na kuyagawana. Wakulima wenyewe wavunje mwezi mmoja kabla ya mvua, wakati wa mbegu na mbolea, au pale njaa inapoanza kuuma na mlanguzi wa butura anapoanza kuzunguka vijijini. Wapangaji wa nyumba moja wanaolingana tarehe za kodi wanaweza kuwa na kikundi chao, kinachovunja siku moja kabla mwenye nyumba hajagonga mlango. Na mgao wa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, ulipie mita zao za LUKU.